Kufa kwa Kodi, Kuuguzwa kwa Sadaka

Tarehe 20 Juni 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, wabunge wa Uingereza waliupitisha muswada wa kumruhusu mtu mzima wa England au Wales, aliyekadiriwa kubakiwa na chini ya miezi sita, asaidiwe kukatisha uhai wake. Walikosea. Tena walikosea katika nchi iliyoufundisha ulimwengu kumuuguza mtu anayekufa: Cicely Saunders aliifungua hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967.

Watetezi wa muswada wana hoja zao. Mwili ni wa mgonjwa, wanasema, na yapo maumivu yasiyosikia dawa. Ni kweli yapo. Wanataja pia jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya namna hii inatumika tangu 1997 na wengi wanaoitumia huwa tayari wanahudumiwa na hospisi. Sawa.

Lakini tuangalie nani analipa. Serikali huchangia takriban theluthi moja tu ya fedha za hospisi za England. Zilizobaki hutafutwa kwenye maduka ya mitumba, mbio za hisani na wasia wa marehemu. Desemba 2024 zilitangazwa pauni milioni 100, nazo ni za majengo na vifaa. Mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku haumo. Sheria ya afya ya 2022 inaziagiza bodi za maeneo zigharimie tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, kwa kiwango zinachoona kinafaa. Muswada huu, kwa upande wake, unambana waziri ahakikishe huduma ya kusaidiwa kufa inapatikana England, bila malipo. Yaani kuuguzwa kunategemea bodi na wahisani, kufa ni wajibu wa serikali! Mgonjwa anayekesha kwa maumivu, na hospisi ya karibu imepunguza vitanda kwa ukata, ataambiwa achague. Achague kati ya nini na nini? Kumwita huyo mtu huru ni kumdhulumu mara ya pili.

Na wasituambie fedha hazitoshi. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Unga wa mofini, dawa ya maumivu makali, ulikorogwa kwa maji, ukatiwa chupani, mgonjwa akanywa dawa yake nyumbani, jamaa zake wamemzunguka. Madaktari walikuwa wachache; basi mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni ili wauguzi na matabibu waliofunzwa waruhusiwe kuandika dawa hiyo, na mgonjwa hupewa bila kuuziwa. Vijiji vingi havijafikiwa bado. Hata hivyo, nchi yenye bajeti ndogo kiasi hicho iliamua kwamba kutuliza maumivu ni kazi ya serikali.

Wabunge wa London waandike kwanza katika sheria kwamba kila anayekufa ana haki ya muuguzi na mofini, usiku na mchana, kwa fedha za kodi. Muswada ule usubiri.