Tusimwage lishe pamoja na maji ya mboga

Aghalabu tunapozungumza juu ya uharibifu wa chakula nyumbani, fikira zetu hukimbilia pipa la takataka. Ni kweli pipa hilo lina mengi ya kusema. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu papa hapa Gigiri, Nairobi, lilikadiria katika ripoti ya mwaka wa 2021 kwamba nyumba za Kenya hutupa takriban kilo 99 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka, tukihesabu pamoja na maganda na mifupa. Uzito huo unalishinda gunia zima la mahindi la kilo 90.

Hata hivyo, uko uharibifu mwingine ambao hauonekani pipani. Huo hutendeka ndani ya sufuria.

Chukua mfano wa sukumawiki. Hununuliwa ikiwa imekwisha kukatwa nyembamba kama nyuzi, ikakaa saa kadhaa, kisha ikaoshwa mara mbili tatu. Baadaye huchemshwa mpaka ikapoteza rangi yake, maji yakamwagwa, ndipo ikakaangwa. Vitamini C na folati, ambayo ni vitamini muhimu katika kutengeneza damu, huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Basi sehemu kubwa ya vitamini hizo tumeimwaga kabla mboga haijafika mezani.

La kusikitisha ni kwamba familia iyo hiyo huja zahanati ikilalamikia uchovu, na njiani kurudi nyumbani hupitia duka la dawa kununua chupa ya vitamini. Tulichomwaga bure jikoni tunakinunua kwa bei ghali. Sisemi kwamba vidonge havina kazi. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu asiviache hata siku moja. Lakini mtu mzima ambaye hana ugonjwa hana haja ya kununua chupani kile alichonacho katika fungu la mchicha.

Isitoshe, mboga zenyewe hatuzili za kutosha. Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya watu wazima hawakifikii kiwango hicho. Kwa hivyo kidogo tunachokula ndicho hicho tunachokiharibu.

Yafaa basi tubadilishe mazoea. Osha mboga kabla ya kuikata, wala si baadaye. Ikate vipande vikubwa wakati maji au mafuta yamekwisha kupata moto. Tumia maji kidogo, funika sufuria, na uiepue ingali na rangi yake. Maji yakisalia, yatie katika mchuzi. Magadi yaache, kwa kuwa huzidi kuharibu vitamini. Kijiko cha mafuta kinatosha kuusaidia mwili upate vitamini A, nayo nyanya mbichi au chungwa husaidia damu kupokea madini ya chuma. Chai isubiri kama saa moja baada ya mlo, kwa maana huzuia madini hayo.

Kuhusu mnavu na sageti ambazo ni chungu, badala ya kuchemsha na kumwaga mara kwa mara, zichanganye na kunde au mchicha, au utie maziwa kama wafanyavyo akina nyanya wengi. Kisamvu peke yake ndicho kisichotaka haraka. Majani hayo yana sumu, na ni sharti yatwangwe na kupikwa vizuri. Na kwa nini majani ya maboga, ya viazi vitamu na ya bitiruti yapelekewe mbuzi huku watoto wakila ugali na mchuzi mtupu?

Lakini kuweka akiba kusitupeleke kwenye hatari. Mahindi yaliyoota ukungu si akiba. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondolewi na kuchemsha. Wali nao usilale mezani usiku kucha. Asiye na friji apike kiasi kitakachokwisha.

Nanyi akina baba, mambo haya msiwaachie akina mama peke yao. Yupo anayeona mboga kuwa chakula cha maskini, akataka nyama kila jioni hata kama watoto watakosa tunda. Huyo huyo ndiye tunayempima shinikizo la damu akishatimiza miaka 45, na gharama za matibabu hulipwa na nyumba nzima.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haihitaji pesa zaidi ya zile tunazotumia sasa. Jioni ya leo, kabla hujayamwaga maji hayo ya kijani, yatazame vizuri. Hiyo ni sehemu ya chakula ulicholipia sokoni, na watoto wako bado hawajaionja.