Maniema: Moyo wa Kasongo na Kabambare usingoje hadi mtu aanguke

Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, habari ya namna hii si ngeni. Mzee wa miaka hamsini na kitu ameamka vizuri, amekwenda shambani, na saa sita anarudishwa juu ya baiskeli, mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki. Jioni ugomvi unaanza nyumbani: nani kamroga? Nani kamwekea sumu? Ndugu wanaanza kuangaliana vibaya. Hakuna anayeuliza swali ambalo lingejibiwa kwa dakika tano: mara ya mwisho mzee huyu kupimwa presha ilikuwa lini?

Wengi bado wanaamini kwamba presha, kolesteroli na magonjwa ya moyo ni mambo ya matajiri wa Kinshasa na Ulaya, watu wa magari na nyama ya kila siku. Hesabu za Shirika la Afya Duniani, OMS, zinasema kinyume. Mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu karibu milioni 17,9 ulimwenguni, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kongo ni mojawapo ya nchi hizo. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kwamba wanayo, kwa sababu presha haiumi. Kolesteroli nayo haiumi. Inajikusanya polepole ndani ya mishipa mpaka siku damu inapokosa njia ya kufika kwenye moyo au ubongo.

Tuanze na chungu, maana hapo kila familia inaweza kufanya kitu bila kungoja serikali. Mawese ni mafuta ya nyumbani Maniema, na hakuna haja ya kuyatukana. Yale mekundu yanampa mtoto vitamini A. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya. Kwa mtu mzima aliyeambiwa kwamba moyo wake una shida, sombe inayoogelea ndani ya mawese si chakula cha kila siku. Apunguze kipimo. Mafuta yaliyokaangia mikate na samaki mara nyingi mpaka yakawa meusi, ayaache.

Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi wa presha. OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo ndani mumo pia chumvi ya makayabo na ya vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Makayabo yalowekwe, na maji yamwagwe zaidi ya mara moja. Upande wa pili, ardhi ya Kasongo na Kabambare inatoa vitu ambavyo daktari yeyote wa moyo angevisifu: maharagi, lengalenga, matembele, karanga, mapapai, samaki wabichi wa mtoni. Sigara na pombe kali ya kienyeji, hizo hazina utetezi.

Wapo watakaosema kwamba kumhubiria chakula mtu aliyekimbia vita, anayekula mara moja kwa siku, ni dharau. Wana haki. Ndiyo maana chakula peke yake hakitoshi, na ndiyo maana mzigo wote usitupwe kwenye mabega ya mgonjwa. Presha inayobaki juu, 140 kwa 90 au zaidi, mara nyingi inahitaji dawa, na dawa hizo zipo. Amlodipini na hidroklorotiazidi ni dawa za zamani, zisizo na jina la kampuni, za bei nafuu. Simvastatini, inayoshusha kolesteroli, iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu 2007. Mwaka 2023 OMS iliongeza vidonge vinavyounganisha dawa kadhaa za moyo ndani ya kidonge kimoja.

Shida iko kwenye namna dawa hizo zinavyotumiwa. Mgonjwa ananunua vidonge kumi kwenye farmasi ya njiani, anajisikia vizuri, anaacha. Mwezi wa tatu anarudi akiwa amebebwa. Dawa ya presha haifanani na dawa ya malaria inayokwisha kwa siku tatu. Ni kama ugali, inachukuliwa kila siku, hata siku ambayo mwili hauna lawama. Wala mtu asimeze vidonge vya jirani kwa kuwa presha zao zinafanana. Mwanamke mwenye mimba, kwa mfano, hapaswi kuanza dawa ya kolesteroli au ya presha bila muuguzi au daktari kusema.

Hapo ndipo Kasongo ina jambo la kujikumbusha. Katika miaka ya 1970 na 1980, mji huu ulijulikana mbali na Zaire ya wakati ule. Pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilionyeshwa hapa namna vituo vidogo vya afya, vilivyo karibu na vijiji na kuungana na hospitali moja, vinavyoweza kuhudumia wilaya nzima. Mafunzo ya Kasongo yalisomwa na madaktari wa nchi nyingi. Mji uliowafundisha wengine hauwezi kusema leo kwamba haujui njia.

Njia yenyewe haihitaji mashine kubwa. Kipimo cha kolesteroli hakiwezi kuwa katika kila kituo, lakini OMS imetoa majedwali yanayokadiria hatari ya moyo bila maabara: umri, jinsia, presha, uzito na urefu, sigara. Muuguzi anaweza kuyasoma. Kinachohitajika ni mashine ya presha inayofanya kazi katika kila kituo, kila mtu mzima apimwe anapokuja kwa sababu yoyote, na fishi ya kumfuata kama wanavyofuatwa wagonjwa wa kifua kikuu: asipokuja siku yake, mhudumu wa kijiji anakwenda kumtafuta. Na dawa ziagizwe mapema, kabla mvua haijaharibu barabara ya Kabambare, na mgonjwa aliyetulia apewe za miezi miwili au mitatu. Kumwambia mtu wa Salamabila au Lusangi asafiri kila mwezi kwa vidonge thelathini ni kumwambia aache dawa.

Mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa na serikali mwaka 2023 ulianza na uzazi wa bure, na hilo lilistahili kutangulia. Lakini mama aliyeokolewa katika uzazi akiwa na miaka 25 asiachwe afe kwa presha akiwa na 50. Wabunge wa Maniema na viongozi wa afya wa jimbo waulizwe jambo moja tu, linalohesabika: vituo vingapi vya Kasongo na Kabambare vina mashine ya presha na dawa za mwezi ujao? Na katika kila nyumba, kabla ya kumtafuta mchawi, mzee apelekwe kupimwa.