Huyu Ndege Si wa Iraq Pekee

Kila nikiongea mambo ya ndege hapa, lazima msee mmoja aulize, "Na hiyo inatuhusu nini sisi?" Sawa, leo najibu.

Kuna ndege wa matete anaitwa wa Basra. Mdogo, wa kahawia, hata picha yake haitakupatia laiki nyingi. Anataga kwenye vinamasi vya kusini mwa Iraq, halafu baridi ikikaribia huko anashuka Afrika Mashariki. Hapa Kenya anatafuta matete na vichaka vizito karibu na maji, kama vile delta ya Mto Tana. Watafiti wanaovisha ndege wahamaji pete kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969, humnasa pia. Na duniani amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilikausha sehemu kubwa ya vinamasi vyake. Baada ya 2003 wenyeji wakabomoa tuta, maji yakaanza kurudi. Poa sana. Lakini Iraq anakaa miezi michache tu ya kulea makinda. Mwaka wake mwingi uko njiani na huku Afrika. Wakirudisha maji kule na sisi tukakausha huku, si ni kazi bure?

Na usiseme haiwezekani. Juzi tu, 2008, kulikuwa na mpango wa kulima miwa kwenye karibu hekta 20,000 za delta. Wenyeji walienda kortini, na 2013 Mahakama Kuu ikasema lazima washirikishwe katika kupanga matumizi ya ardhi hiyo. Delta yenyewe tangu 2012 inatambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Kwa karatasi tuko fiti. Lakini karatasi haizuii maji kukatwa huko juu mtoni.

Maji hayo si ya ndege peke yake. Mpokomo anangoja mafuriko apande mpunga, Muorma analeta ng'ombe wakati wa kiangazi. Kwa hivyo mimi sitaki delta izungushiwe ua watu wafukuzwe. Nataka kitu kimoja: kabla ya bwawa au shamba lolote jipya kupitishwa, watu wa delta waambiwe ni maji kiasi gani yatabaki, na msimu gani, na wakikataa wasikizwe.

Mimi niliacha chuo, digrii ya mazingira sina. Lakini hilo swali halihitaji digrii. Watu wa Garsen na Kipini, mafuriko yenu siku hizi yakoje? Niambieni.