Mpeleke mtoto akatazame ndege, lakini asiwaguse

Majuzi mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 9. Mtoto alikuwa mzima. Ila jana yake alitoka ufuoni na kinda la ndege lililokufa mfukoni, na mama hakulala kwa hofu ya homa ya ndege.

"Daktari," akaniuliza, "nimkataze kabisa kwenda huko?"

Nilimjibu hapana, na ndilo jibu langu kwa kila mzazi wa Pwani.

Chukua Mida Creek, ule mkono wa bahari ulio ndani ya hifadhi ya Watamu, Kaunti ya Kilifi. Maji yakipwa, kitwitwi na sululu hushuka topeni kutafuta chakula, na daraja la mbao hukupitisha kwenye mikoko ukiwatazama. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wauchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Isitoshe, tafiti zimeonyesha kwamba mtoto anayekaa nje mchana kwa muda wa kutosha huwa na hatari ndogo ya kupata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali. Mtoto anayeshinda na simu hapati hayo.

Tatizo ni mikono. Kwenye mlango wa Mida Creek kuna Whale Island, kisiwa kidogo ambako membe hutaga katikati ya mwaka. Mayai yao hukaa chini, si juu ya mti. Mtu akisogea, ndege huruka, na mayai hubaki kwenye jua kali au huliwa na kunguru. Ndiyo maana nasema waendesha mashua wasishushe wageni kisiwani msimu huo.

Umbali unaolinda kinda ndio unaomlinda mwanao. Mwaka 2021 homa ya ndege iliua maelfu ya minandi katika pwani ya Western Cape, Afrika Kusini. Watu wengi walioambukizwa ugonjwa huu duniani walikuwa wamekaribiana na ndege wagonjwa au waliokufa, hasa kuku. Kumtazama ndege kwa mbali hakukuambukizi.

Basi mfundishe mtoto asiokote yai, unyoya wala mzoga. Akigusa, anawe mara moja kwa sabuni na maji. Akipata homa, kikohozi au macho mekundu katika siku 10 zinazofuata, mpeleke kituo cha afya na useme alichogusa. Usingoje daktari aulize. Mkikuta ndege wengi wamekufa, mwarifuni afisa wa wanyamapori au wa mifugo.

Yule mama nilimwambia wazike kinda kwa jembe, bila kulishika, kisha Jumamosi warudi pamoja ufuoni. Mkono wa mtoto ukiwa ndani ya mkono wa mamake hauokoti mzoga.