Shinikizo Liwe Letu

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wapo wageni wajao kutibu maradhi ya kwao.

Nasikia wenzetu wakisema kuwa kamari haitakoma nchini mpaka mataifa makubwa yaibane serikali, kama Kambodia, iliyopiga marufuku kamari ya mtandaoni mwaka 2019 kwa msukumo wa China. Mimi nakataa. China ilikuwa ikiwalinda raia wake waliokuwa wakipoteza fedha kule. Kijana wa Newala hayumo katika hesabu hiyo.

Sisi tunaoishi kwa korosho tumekwisha kuonja sera za kushinikizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya korosho iliachiwa huru kwa msukumo wa wafadhili. Wafadhili hao hawakuwapo kijijini mlanguzi alipokuja na bei yake na mzani wake. Lakini mwaka 2018, bei ya mnada ilipokuwa ndogo, wakulima wa Newala na Tandahimba waligoma kuuza, na serikali ikalazimika kusikia. Kumbe shinikizo tunaliweza wenyewe.

Basi na tuliweke kwenye kamari. Sheria ipo tangu mwaka 2003, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Tatizo ni kwamba serikali hiyo hiyo inayotakiwa kuibana kamari hula kodi yake. Hapo ndipo pa kugombana, na ugomvi huo ni wetu. Fika Masasi au Newala msimu ambao fedha za korosho zinaingia benki. Mashine za dubwi hazikosi wateja, na mikeka ya mpira hujazwa kabla sare ya mtoto haijanunuliwa.

Sidai kamari yote ifutwe kesho. Marufuku ya jumla huishia vichochoroni. Karata zilichezwa kabla mashine hazijaja. Nadai jambo moja: mashine isiwekwe kijijini bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria iliyoletwa na mgeni huondoka naye. Ile iliyopitishwa chini ya mkorosho italindwa na wenye mikorosho. Na katika mkutano huo, wa kwanza kuulizwa awe mama aliyesubiri fedha za korosho mpaka usiku, akaletewa hadithi ya timu iliyofungwa dakika za mwisho.