Tuchangiane Tukiwa Hai: Mbona Familia Yako Ianze Kupanga Likizo ya Nje Sasa

Mtu akifariki hapa Elburgon leo, kufikia jioni kundi la WhatsApp limeshaundwa, mweka hazina ameteuliwa na nambari ya kutuma pesa imebandikwa. Binamu wa Nakuru anatuma, shangazi wa Molo anatuma, hata yule ambaye hatujamsikia tangu Krismasi anatuma. Ndani ya wiki moja familia inakusanya pesa ambazo mwezi uliopita kila mmoja angeapa hazipo.

Hatulalamikii desturi hiyo. Ndiyo inayotushikilia. Lakini tuna swali: mbona ni nadra familia hiyo hiyo kuchanga ili ifurahi pamoja? Tunakutana matangani, tunakula chini ya hema la kukodi, tunapiga picha moja ya haraka na kuahidiana ati "lazima tutafutane." Halafu tunatafutana kwenye matanga yanayofuata.

Maoni yetu ni haya: familia ya kawaida ya hapa, yenye mkulima wa viazi, mwalimu, fundi wa mbao na mama wa duka, inaweza kwenda likizo nje ya nchi pamoja. Si mwezi ujao, na si kwa mkopo. Ni baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, kwa mpango ambao kila mtu nyumbani anaujua.

Nje ya nchi si lazima iwe Dubai

Ukitaja nje ya nchi, watu wanawaza ndege, visa na maghorofa marefu. Lakini Uganda pia ni nje ya nchi. Reli inayopita hapa Elburgon ilifika Kisumu mwaka 1901, na jina lake lilikuwa Reli ya Uganda. Zaidi ya miaka 120 baadaye, wengi wetu hatujawahi kukanyaga Uganda yenyewe.

Na sio mbali. Ukifika Mau Summit unachagua: njia ya Eldoret hadi Malaba, au njia ya Kericho na Kisumu hadi Busia. Mji wa Jinja, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, unafikika kwa siku moja ukitoka mapema. Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hivyo watu wazima hawahitaji pasipoti.

Watoto ndio wa kushughulikiwa mapema, kwa sababu hawana kitambulisho. Tafuteni vyeti vyao vya kuzaliwa sasa, kisha mwulize ofisi ya uhamiaji pale Nakuru hati gani ya kusafiria inawafaa. Jambo lingine ni chanjo ya homa ya manjano na ile kadi yake ya manjano. Tangu 2016, kadi hiyo hutambulika maisha yote, kwa hivyo ukilipia mara moja umemaliza.

Mkitamani mbali zaidi, jueni gharama ya mlango kwanza. Ada ya pasipoti ya kurasa 34 ilipandishwa kutoka KSh 4,500 hadi KSh 7,500. Familia ya watu sita inalipa KSh 45,000 kabla hata ya kuulizia tiketi. Ndiyo maana tunasema anzeni na jirani. Safari ya kwanza inawafundisha kusafiri pamoja, na ya pili inaweza kuwa ndefu zaidi.

Hesabu ambayo kila mtu anaielewa

Tuchukue mfano. Watu wazima wanne, kila mmoja anaweka KSh 300 kwa wiki. Kwa miezi 18, yaani wiki 78, kila mmoja atakuwa ameweka KSh 23,400. Wote wanne wamefikisha KSh 93,600. Hizo mia tatu ni pesa ambazo kwa kawaida huisha kwa soda, bando na boda za hapa na pale.

Ila si kila mtu anapata pesa kila wiki. Mwalimu anangoja mwisho wa mwezi; yeye ataweka KSh 1,300 kila mwezi, ni hesabu ile ile, tena anaokoa ada ya kutuma mara nne. Mkulima wa viazi anangoja mavuno. Ndani ya miezi 18 anaweza kuvuna misimu mitatu, basi aweke KSh 7,800 kila msimu. Ni KSh 23,400 pia. Ni makosa kumdai mkulima mchango wa kila wiki na kumwita mzembe anapokosa. Mpango mzuri unafuata pesa inavyoingia kwa kila mtu.

Na asiye na kitu? Shosho hahitaji kuchanga ili awe na kiti kwenye gari. Semeni hivyo tangu siku ya kwanza, ili asijitoe kimya kimya akiogopa kuwa mzigo.

Mfuko wa dharura uje kwanza

Sasa tufike kwa pingamizi ambalo tunalisikia kila mara: "Karo haijalipwa na mnaongea likizo?" Ni pingamizi la haki, na hatutalizungusha. Mji huu unajua jinsi mapato yanavyoweza kukatika. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na biashara ya mbao iliyokuwa imelisha Elburgon kwa miongo mingi ikadorora. Tangazo la kuondoa marufuku hiyo lilikuja Julai 2023, zaidi ya miaka mitano baadaye. Fundi aliyekuwa anajua Ijumaa italeta pesa alijikuta anasubiri miaka.

Kwa hivyo hatusemi likizo ije mbele ya karo. Tunasema pesa ya likizo isichanganywe na ya karo, wala ya hospitali. Wekeni mifuko miwili. Wa kwanza ni wa dharura, na ndio unaojazwa kwanza. Ukifikia kiasi mlichokubaliana, mnaanza wa safari.

Halafu kubalianeni mapema, kabla hakujatokea shida: ugonjwa ukija na mfuko wa dharura ukakauka, je, wa safari utaguswa? Sisi tungesema ndiyo, mtu ni wa maana kuliko Jinja. Lakini uamuzi uwe wa wote, uandikwe kwenye kundi, na tarehe ya safari isogezwe mbele badala ya kufutwa. Mipango mingi ya familia haifi kwa sababu pesa zilitumika. Inafia pale zilipotumika na mtu mmoja bila wengine kujua.

Nani ashike pesa?

Jibu letu: asiwe mtu mmoja pekee. Hata ndugu mwaminifu zaidi anaweza kujaribiwa pesa zikikaa kwenye laini yake ya kawaida, karibu na pesa za unga na umeme. Tumieni akaunti ya kikundi ambapo kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, au akiba inayofungwa hadi tarehe maalum. Kufunga kunasaidia sana. Rafiki akikuomba "kitu kidogo", unamwambia ukweli kwamba huwezi kuitoa.

Akiba iliyo katika benki yenye leseni ina faida nyingine. Shirika la Bima ya Amana, KDIC, hulinda amana hadi KSh 500,000 kwa kila mteja benki ikianguka. Godoro halina bima.

Kila mwisho wa mwezi, mwenye kuweka kumbukumbu atume taarifa ya akaunti kwenye kundi. Asingoje kuulizwa. Pesa zinazoonekana na wote hazizui maneno yote, lakini zinapunguza mengi.

Likizo ya mkopo ni karamu ya deni

Tunajua mkopo wa simu ni dakika mbili tu. Una kazi yake: kukamilisha malipo ya dharura, au kununua mali inayouzwa kesho. Likizo haizalishi chochote cha kulipia riba. Ukikopa Desemba, Januari itakukuta na deni, karo na sare kwa pamoja, na picha za Jinja hazitalipa hata moja. Ukilazimika kukopa kwa jambo lingine lolote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Wakopeshaji wa kidijitali wako chini ya kanuni zake tangu 2022.

Kabla ya kulipa, na mkifika mpakani

Msimu wa likizo ni msimu wa matapeli pia. Wakala wa safari akikuambia "tuma deposit kwa nambari yangu hii, ofisi ina shida na till," simama hapo. Omba leseni yake ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, lipa kwa nambari iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa.

Mpakani, usimpe simu yako mtu anayejitolea "kukusaidia" kubadilisha pesa au kusajili laini. Badilisha kwenye duka la fedha lenye leseni, na ujue kiwango cha siku hiyo kabla ya kufika dirishani. Shilingi moja yetu hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, na hizo sufuri nyingi huchanganya watu. Tulieni, hesabuni mara mbili. PIN ni yako peke yako, hata ukiwa Kampala.

Kikao cha dakika thelathini

Jumapili hii, baada ya chakula, kaeni chini. Mkubaliane mambo manne tu: mnaenda wapi, lini, kila mmoja ataweka nini kulingana na mapato yake, na pesa zitakaa wapi. Watoto wawepo. Mtoto anayejua akiba imefika wapi ndiye atakayewakumbusha mkisahau, na atakuwa amejifunza kupanga pesa bila kufundishwa darasani.

Kisha mtume mchango wa kwanza kabla ya kuinuka, hata kama ni mia moja. Tumeonyesha mara nyingi kwamba tunaweza kuchanga kwa haraka kumzika mtu wetu. Tunaweza pia kuchanga polepole, ili tukae naye siku nne kando ya Mto Nile angali anacheka.