Tumcheke daktari, si mgonjwa

Mwaka 1959 filamu iliyoongoza kwa watazamaji katika majumba ya sinema ya Uingereza ilikuwa ya vichekesho, na karibu yote inatokea ndani ya wodi moja ya wanaume. Inaitwa Carry On Nurse. Metroni, yaani muuguzi mkuu, anayeigizwa na Hattie Jacques, anapita kukagua kitanda kwa kitanda, na wagonjwa kwa wauguzi wanajipanga kana kwamba amekuja mkuu wa mkoa. Mimi ni muuguzi mstaafu wa Bonde la Kilombero. Filamu hiyo niliionea Ifakara, kwa mfanyakazi mwenzetu wa kigeni aliyekuwa na kanda zake. Kiingereza chao cha haraka hakikunizuia kuelewa. Metroni yule namjua, nimefanya kazi chini yake.

Namjua pia Sir Lancelot Spratt wa Doctor in the House, filamu ya mwaka 1954. Ni daktari bingwa wa upasuaji mwenye ndevu na sauti ya radi. Anasimama na wanafunzi wake kando ya kitanda, anachora tumboni mwa mgonjwa mahali pa kupasua, na mgonjwa akishtuka anaambiwa hayo hayamhusu. Waingereza walicheka sana. Miaka sita kabla, Julai 1948, nchi yao ilikuwa imeanzisha huduma ya afya ya taifa, na tajiri na maskini wakajikuta wamelala wodi moja chini ya bwana mkubwa mmoja. Walicheka kwa kuwa walikuwa wanamwogopa. Katika Carry On Doctor ya mwaka 1967 wagonjwa wanafika mbali zaidi: wanaamka usiku na kuwabana metroni na daktari mkuu mpaka ukweli unatoka kuhusu daktari kijana aliyeonewa.

Sisi Watanzania tumezoea kumcheka nani? Kati ya 1935 na 1937 wakoloni walipiga filamu huko Vugiri, Tanga, za kumfundisha Mwafrika afya na kilimo. Mwaka 1952 ikaja Muhogo Mchungu, ambayo Rashidi Kawawa, waziri mkuu wetu wa baadaye, aliigiza mtu wa shamba anayebabaishwa na mambo ya mjini. Tangu hapo, kwenye vichekesho vyetu vingi anayechekwa ni mshamba, na kwenye filamu za afya anayekosea ni mwananchi. Daktari anaingia na koti jeupe, anatoa mawaidha, anatoka.

Nililoliona wodini ni tofauti. Mama anafika kutoka mashamba ya mpunga, mtoto ana degedege. Ukimuuliza limeanza lini, anajibu, "Leo asubuhi, sista." Siyo leo. Ameshapita kwa mganga, mtoto amefukizwa na kunyweshwa dawa. Anaficha kwa sababu aliyemtangulia kwenye foleni amegombezwa mbele ya watu. Malaria ya degedege inaweza kumuua mtoto kwa saa chache, na daktari anayetibu bila kujua mtoto amenyweshwa nini anatibu gizani. Mzee naye anasimamiwa na kundi la raundi linalozungumza Kiingereza juu ya kifua chake, anaitikia "ndiyo, daktari" kwa kila neno, kisha wakishaondoka anamwita mfagiaji: "Mwanangu, wamesema nini?"

Woga huo ni sehemu ya ugonjwa, na kipeperushi hakiutibu. Kicheko kinaweza. Watu wakishamcheka kwa pamoja daktari mwenye majivuno, kesho yake wanapata ujasiri wa kumwuliza swali.

Wenzangu kazini wataniambia tunawavunjia heshima watu waliochoka. Uchovu ninaujua: zamu ya usiku, muuguzi mmoja, wodi imejaa hadi sakafuni. Lakini vichekesho vizuri huonyesha na hayo. Waingereza walimcheka metroni wa Hattie Jacques wakampenda, maana nyuma ya ukali wake waliona mtu anayebeba hospitali nzima. Ninachopinga ni kumcheka anayeumwa, ambaye tayari amevuliwa nguo na kunyimwa maelezo.

Vipaji tunavyo. Marehemu Mzee Majuto, mchekeshaji wetu, aliweza kukaa tu kwenye kiti watu wakaangua kicheko. Marehemu Lufufu, kwa kutafsiri filamu za kigeni, aliwafanya watu wa vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, wazione kama zimepigwa mtaani kwao. Mtayarishaji atakayethubutu kutengeneza filamu ya kumcheka daktari aje Ifakara akae kwenye benchi la wagonjwa wa nje, asikilize. Hapo ataisikia hadithi ya bibi anayetumwa dirisha la dawa, kisha maabara, kisha dirisha la malipo, na kurudishwa alikoanzia. Amfuate pia daktari mgeni ambaye haelewi mgonjwa wake Mndamba, mwenyeji wa bonde letu, anamaanisha nini, lakini anaona aibu kuuliza.

Filamu hiyo ionyeshwe kwenye vibanda vyetu, na ionyeshwe pia kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi kabla hawajaanza kuzunguka wodini. Kijana aliyekwisha kumcheka Spratt wa Kiswahili ataona taabu kumwiga. Na mama wa mashambani, akijua kwamba hata daktari huchekwa, ataweza kusema kweli: degedege limeanza juzi.